Giza Linapogeuka Vigae

Weka VCD ya filamu yoyote ya kutisha kwenye deki usiku, zima taa, halafu usimtazame mwigizaji. Tazama ukuta ulio nyuma yake. Mtu anatembea kwenye korido, kashika mshumaa, na mwanga wake ulitakiwa ufifie taratibu mpaka ufie konani. Kwenye VCD haufifii. Unashuka ngazi: kijivu, kijivu kilichoiva, kisha vigae vyeusi vya mraba vinavyorukaruka kila mwigizaji anapopiga hatua. Kona ile ambayo mwongozaji alitaka uiogope imekuwa sakafu ya bafu.

Anayekusanya filamu zenye hewa nzito anaujua ugonjwa huo kuliko jina la mwigizaji mkuu. Nikisema hewa nzito nina maana ya filamu ambazo kisa chake unaweza kukimaliza kwa sentensi mbili, lakini ukitoka hapo nyumba, barabara au upepo uliouona haukuachi. Nyingi hazijulikani, hazikuuza, na majina yake ukiyataja kijiweni watu wanakuuliza kama ni dawa. Mtu ukimkalisha atazame, dakika ya ishirini atakuuliza, "Sasa hapo imetokea nini?" Swali ni la haki. Haijatokea kitu, na hicho ambacho hakijatokea ndicho tunachokitafuta.

Watu hudhani tunakimbiza uadimu. Wapo wanaokimbiza uadimu, na hao huridhika na kava. Lakini utamu wa filamu hizi umekaa kwenye giza, kwenye ukimya na kwenye mwendo wa polepole, na vitu vitatu hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza nakala ikiwa mbaya. Filamu ya ngumi ikinakiliwa vibaya inabaki ya ngumi. Utaona nani kapigwa. Ya ukungu ikinakiliwa vibaya inabaki na watu wawili wasioongea mbele ya uchafu. Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu wa hapa Dodoma, akiletewa jina jipya, haulizi "unayo?" Anauliza "ni ya kanda au ya CD, na nani aliinakili?"

Hesabu ya VCD yenyewe inatosha kueleza. Kiwango chake kilipangwa mwaka 1993: picha ya nukta 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde, kilobiti 1,150 kwa sekunde kwa ajili ya picha. Gawanya kwa 25. Kila fremu inapata baiti 5,750 hivi, na ndani ya hizo inabidi itoshe korido yote, mshumaa, uso na vivuli. Fremu yenyewe imekatwa vipande 396 vya nukta 16 kwa 16, na kila kipande kinagombea mgawo wake. Kinachosogea na kinachong'aa kinashinda. Giza linashindwa, kwa sababu mashine inaona tofauti ndogo kati ya kivuli na kivuli haina thamani, inazifuta, na kipande kizima kinapakwa rangi moja. Hapo ndipo kigae kinapozaliwa. Ukungu ni mbaya zaidi, maana chembechembe za filamu ndani ya ukungu hubadilika kila fremu bila mpangilio; mashine haiwezi kuzikisia, inamaliza mgawo wake kuzifukuza, na uso wa mwigizaji nao unaharibika.

Kanda ya VHS ina umaskini wa aina nyingine. Inabeba mistari takriban 240 tu ya upana, kwa hiyo unywele na jani havionekani vizuri. Lakini haikati picha vipande. Kivuli kwenye kanda kinafifia kama kivuli, kimejaa chenga ndogondogo ambazo jicho linazichukua kama vumbi la hewani. Kwa filamu za aina hii nitachukua kanda nzuri mbele ya VCD ya filamu hiyohiyo bila kufikiri mara mbili. DVD halisi inazishinda zote mbili. DVD za mtaani zenye filamu kumi na mbili kwenye diski moja ni VCD iliyovaa suti: gigabaiti 4.7 ukizigawa kwa filamu kumi na mbili, unarudi palepale kwenye vigae.

Kuna faida moja ya kutopendwa. Kwenye vibanda umiza filamu ya kimya ilikuwa haimalizi dakika kumi kabla watu hawajapiga kelele ibadilishwe, na mwenye kibanda alikuwa anajua biashara yake. Kanda ya kimapigano ilizunguka mpaka ikachakaa, tena imechakaa zaidi pale ambapo watazamaji walidai irudishwe nyuma. Kanda ya ukungu ilikaa kwenye boksi. Ukiikuta leo kwenye mizigo ya mitumba Sabasaba au kwa fundi redio anayefagia karakana yake, mara nyingi uchakavu wake uko mwanzoni tu, pale watu walipokata tamaa, na saa nzima iliyobaki iko kama ilivyotoka dukani. Kwa hiyo usiihukumu kwa dakika tano za kwanza. Peleka mbele mpaka katikati ndipo utazame.

Pia usiihukumu kwa urefu kabla hujafanya hesabu. Filamu ya sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Ikihamishiwa kwenye mfumo wetu wa video wa PAL wenye fremu 25, kwa kawaida inakimbizwa tu, asilimia nne na kidogo, na sauti inapanda kidogo chini ya nusu toni. Filamu ya dakika 90 inatoka na dakika 86 na sekunde 24 bila kukatwa hata fremu moja. Chukua Carnival of Souls ya Herk Harvey, ya mwaka 1962, ile ya mwanamke mpiga kinanda anayevutwa na jumba tupu la Saltair kando ya Great Salt Lake. Ipo ya dakika 78 iliyopunguzwa na ipo ya dakika 84. Ukishika nakala ya PAL yenye dakika 75, hiyo ni ile ya 78 iliyokimbizwa. Ukishika yenye dakika 80 na sekunde 40 hivi, usiseme imekatwa: ndiyo ndefu yenyewe. Kwa miongo mingi filamu hiyo ilizunguka Marekani kama mali ya umma, kila mwenye mashine akatoa nakala yake, na nyingi ni takataka. Anayetafuta jina tu ataipata kwa dakika tatu. Anayetaka kuona sakafu ya jumba lile ikimezwa na giza ana kazi.

Mfano mwingine ni Vampyr ya Carl Theodor Dreyer, ya mwaka 1932. Mpiga picha wake, Rudolph Maté, alipiga sehemu kubwa kupitia shashi iliyowekwa mbele ya lenzi, ili kila kitu kionekane kama kimeamka usingizini. Negativu yake ya asili, filamu iliyokuwa ndani ya kamera, haipo. Tunachokitazama leo kimeunganishwa kutoka nakala za Kijerumani na za Kifaransa. Sasa fikiria mtu anainakili, anaona weupe ule, anadhani ni ubovu, anapandisha kontrasti "kuisafisha". Weusi unakuwa weusi, weupe unakuwa weupe, na filamu imeuawa na mtu mwenye nia njema. Nakala zilizosafishwa hivyo ni nyingi, na dalili yake ni moja: tafuta tukio ambalo kuna nguo nyeusi mbele ya ukuta mweusi. Kama nguo haina ukingo, weka chini, endelea na safari.

Si lazima uzito wa hewa utokane na ukungu wa Ulaya. Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, iliyopata Tuzo ya Jopo huko Cannes mwaka 1987, ina uzito wa jua na vumbi, na mtu aliyekulia Bahi au Manyoni hahitaji kufafanuliwa mwanga ule wa saa nane mchana kiangazi, mbuyu hauna jani, na kimbunga cha vumbi kinapita peke yake uwanjani kama mtu mwenye miadi. Vumbi la namna hiyo kwenye nakala mbovu hupata ajali ileile ya ukungu. Za nyumbani zinazosakwa ni Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, yenye dakika 36 tu, na Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo mwaka 2001 iliiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Zile za majini na mizimu za Mussa Banzi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 nazo zina wapenzi wake, na kwa hizo kanda ina nafasi ya pekee, kwa sababu zilitengenezwa kwa video tangu mwanzo. Hakuna negativu iliyolala kwenye ghala lenye kiyoyozi mahali fulani. Kanda ya kwanza kwanza ndiyo filamu.

Basi kanda imefika mkononi. Usiiweke kwenye deki.

Ibebe dirishani, uangalie kupitia kile kidirisha chake jinsi mkanda ulivyojiviringisha. Ukiona unga mweupe au utando kama wa buibui ukingoni mwa roli, huo ni ukungu wa kuvu, na mara nyingi kanda hiyo imetoka Pwani. Kuvu hutaka unyevu wa hewa kuanzia asilimia 65 hivi, na hapa kwetu, mvua ikiwa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka na zote zimejazana kati ya Desemba na Aprili, kanda zilizozaliwa Dodoma huwa safi upande huo. Iliyoletwa kutoka Tanga au Dar es Salaam iweke kwenye mfuko wake peke yake, mbali na nyingine. Ukiicheza, kuvu inabaki kwenye dramu ya deki, ile silinda inayozunguka yenye hedi za kusoma mkanda, na kanda inayofuata inaambukizwa.

Bonyeza kitufe kidogo cha pembeni, inua kifuniko cha mbele, uangalie kingo za mkanda. Ukingo wa juu umebeba sauti ya kawaida. Wa chini umebeba alama zinazoiambia deki iende kasi gani. Mkunjo wa juu utakupa sauti inayozama na kuibuka. Mkunjo wa chini ni balaa zaidi: picha itapanda na kushuka kama mtu anavuta pazia, na hakuna kitufe cha kuiponya. Mkanda wenye mkunjo unaweza kunyooshwa kwa kidole kilichovaa glovu ya pamba, lakini usitegemee muujiza.

Kasha likivunjika au pamba ya ndani ikitoka, hamishia mkanda kwenye kasha la kanda isiyo na thamani. Skurubu ni tano, zote upande wa chini, za bisibisi ya nyota. Zifungue huku kanda imelala kifudifudi, igeuze ikiwa bado imeshikwa kwa mikono miwili, ndipo uinue mfuniko wa juu polepole, maana kuna chemchemi ndogo na vipande viwili vya breki vya roli vinavyopenda kuruka. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote. Wengi hukosea njia ya mkanda kupita kwenye vile vipini vya mbele, wanafunga, deki inakula mkanda, halafu analaumiwa fundi.

Ikishakuwa tayari, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mpaka mwanzo bila kusimama. Fanya hivyo kwenye deki mbovu, si kwenye ile unayoitegemea. Kanda ya E-180, ile ya dakika 180, ina takriban mita 258 za mkanda, na zikikaa miaka ishirini zimebanana upande mmoja, zinashikana na kujikunja. Mzunguko huo mmoja unazilegeza. Kama inagoma au inalia, simama. Kulazimisha ndiko kunakokata.

Kusafisha hedi kunahitaji utulivu kuliko vifaa. Chomoa deki kwenye umeme, fungua mfuniko. Chukua kipande cha ngozi laini ya kufutia miwani kilichofungwa kwenye kijiti, kiloweshe alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kishikilie kimetulia ubavuni mwa dramu, halafu kwa kidole cha mkono mwingine zungusha dramu yenyewe kwa kushika juu. Kijiti kisisogee juu na chini hata kidogo. Hedi ni vipande vidogo kuliko punje ya chumvi, vimechomoza kwa kiasi kisichoonekana, na pamba ya masikioni ikikwama kwenye kimoja na ukavuta, umenunua deki nyingine. Spiriti ya kawaida ya dukani ina maji na rangi, inaacha utando. Msimu wa vumbi la Agosti na Septemba wewe wa Dodoma utaifanya kazi hii mara nyingi zaidi ya mtu wa Pwani: yeye anapigana na kuvu, wewe na mchanga. Michirizi myeupe mifupi inayopita kwenye picha kama mvua ya ubavu ni mchanga huo.

Trekingi, yaani ulinganishaji wa hedi na mkanda, irekebishe kwenye tukio la giza. Kwenye tukio la mchana kila kitu kinaonekana kizuri na utajidanganya.

Sasa kuihamishia kwenye kompyuta, na hapa ndipo giza linapouawa mara ya pili. Vifaa vya kunasia picha vya bei rahisi, vile vya kuchomeka USB vyenye waya wa njano, mwekundu na mweupe, vina tabia ya kujirekebishia mwangaza vyenyewe. Picha ikiwa na giza vinaipandisha, mshumaa ukiingia vinaishusha, na filamu yako inaanza kupumua. Kama programu inaruhusu, zima marekebisho hayo. Kisha tafuta mahali filamu inapofifia kuwa nyeusi kabisa, fungua histogramu, ile grafu ya mwangaza, ushushe au upandishe mwangaza mpaka weusi ukae karibu na namba 16, si sifuri. Video imepangwa hivyo: weusi 16, weupe 235. Ukiuacha weusi ushuke sifuri, vivuli vyote vilivyokuwa chini vimebanwa pamoja na hakuna programu itakayovitenganisha tena. VirtualDub inaonyesha histogramu hiyo wakati unanasa, na ni ya bure.

Nasa kwa nukta 720 kwa 576, fremu 25, mistari ya kupishana (interlacing) ikiwa imeachwa kama ilivyo, kwa mbano usiopoteza kitu kama Huffyuv au FFV1. Saa moja itakula gigabaiti 30 hadi 35. Filamu ya dakika 90 ni gigabaiti 50 hivi, maana yake diski ya terabaiti moja inabeba filamu ishirini tu, na hapo ndipo wengi wanapoanza kukata kona. Ukibanwa na nafasi, tumia mbano wa DV, gigabaiti 13 kwa saa, ambayo inakubalika. Nakala ya kutazama, ile ya kurushia watu kwenye flashi, itengeneze baadaye kutoka kwenye hiyo kubwa. Ukinasa moja kwa moja kwenye nakala ndogo, umetengeneza VCD nyingine kwa jasho lako.

Sauti ikianza kuachana na midomo kadiri filamu inavyoendelea, kosa si la sauti. Deki kuukuu haitoi fremu kwa mapigo yaliyo sawa, kifaa kinaruka zinazochelewa, na kila iliyorukwa inaisogeza picha. Njia ya mkato ni kupitisha ishara kwenye rekoda ya DVD ya zamani kabla ya kompyuta. Baadhi zinanyoosha mapigo hayo zenyewe. Na umeme ukikatika dakika ya themanini, faili la MP4 limekwenda na maji wakati la MKV unalipata mpaka sekunde ya mwisho, kwa hiyo chagua MKV. Deki inakula wati 20 hivi. Yuu-pii-esi ndogo kabisa ya ofisini inaibeba pamoja na kompyuta ya mkononi.

Kwa VCD kazi ni fupi. Ukitaka kuliokoa faili la DAT, ambalo ndilo limebeba filamu, usiliburute tu kwenye kompyuta, maana sekta za video za VCD hazina lile tabaka la ziada la kusahihisha makosa ambalo diski za data zinalo, na mkwaruzo mmoja unaisimamisha kazi yote. Tumia programu inayosoma sekta ghafi, IsoBuster au cdrdao, kwa kasi ndogo ya mara 4 au mara 8, na ujaribu visomeo viwili vitatu tofauti. Mahali kimoja kinapogoma kingine hupita. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa kwa dawa ya meno nyeupe, kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Mkwaruzo wa juu, upande wa picha, hauna dawa: tabaka linalobeba filamu liko palepale chini ya wino. Ndiyo maana diski inayolazwa uso chini mezani "isichafuke" ndiyo inayokufa mapema.

Nakala zilizotafsiriwa zina kesi yake. Sauti ya akina Lufufu, wasimulizi wa filamu kwa Kiswahili, ilijengwa kwa ajili ya filamu zenye maneno na vurugu. Kwenye filamu ya ukimya msimulizi hana cha kutafsiri, hivyo anajaza. Mwanamke anatazama dirishani sekunde arobaini, na msimulizi anatuambia anamuwaza mume wake, deni lake, na mama mkwe. Wapo wanaoziona nakala hizo kuwa uharibifu. Sikubaliani nao. Ukimya wa mwongozaji umekufa, kweli, lakini pameingia hewa nyingine: chumba, maikrofoni ya bei rahisi, feni nyuma yake, mtu anayefikiri kwa sauti mbele ya picha isiyomjibu. Hiyo haitapatikana kwenye toleo lolote lililosafishwa maabara huko ughaibuni. Tunza zote mbili, na kwenye hii usiguse kabisa programu ya kuondoa kelele. Hata kwenye nakala ya kawaida iogope programu hiyo. Mvumo mdogo unaosikika kabla mlango haujalia ni wa chumba kile. Ukiufuta, mlango unalia angani.

Sauti ya kanda ikiwa imefifia kama mtu anaongea ndani ya blanketi, huenda ilirekodiwa kwenye deki ambayo pembe ya hedi yake ya sauti ilikuwa tofauti na yako. Kuna skurubu ndogo kando ya hedi hiyo. Weka alama ya kalamu ilipo, igeuze robo ya mzunguko taratibu huku umevaa hedifoni mpaka herufi "s" ziwe kali, na ukimaliza irudishe kwenye alama.

Kuhusu kuhifadhi, adui wa Dodoma ni bati na mchwa. Juu ya kabati, karibu na dari, kwenye nyumba ya bati isiyo na silingibodi, mchana wa Novemba ni tanuri. Kasha la plastiki hujipinda na mkanda hulegea. Chini sakafuni mchwa anakula kava kwanza, kisha karatasi ya jina, na miezi sita baadaye una kanda arobaini zisizojulikana. Mahali pake ni rafu ya katikati ya ukuta wa ndani, isiyogusa ukuta, kanda zimesimama wima kama vitabu, zimerudishwa mwanzo, mbali na spika kubwa kwa sababu ya sumaku. Diski zisione jua: rangi ya kemikali ndani ya CD za kuchoma huungua hata kupitia dirisha. Andika jina kwenye sehemu ya plastiki ya katikati, si juu ya data.

Kwenye daftari au jedwali andika jina kama lilivyo kwenye kava, jina kama linavyosomeka kwenye skrini, maana mara nyingi hayafanani, urefu mpaka sekunde, lugha, msimulizi kama yupo, na kasoro kwa dakika zake. Nakala mbili, na ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza. Nosferatu ya mwaka 1922 iliamriwa na mahakama ya Ujerumani mwaka 1925 nakala zake zote ziteketezwe, mjane wa Bram Stoker akiwa ameshinda kesi. Ipo leo kwa sababu nakala zilikuwa zimeshatawanyika. Ukitaka kuonyesha watu kwa kiingilio, hilo ni jambo la kibali na la mwenye haki, si la mkusanyaji.

Kutazama kwenyewe kuna sheria chache. Kama bado unayo TV ya chogo, usiigawe. Kanda haijawahi kupata rafiki bora, kwa sababu chogo haijaribu kuiboresha. Kwenye TV bapa ingia kwenye mipangilio ya picha uzime kila kinachojiita cha kuongeza: kontrasti inayojibadilisha, kupunguza chenga, kulainisha mwendo. Picha iwe 4 kwa 3, yenye pande nyeusi, hata wageni wakilalamika kwamba skrini haijajaa. Punguza mwanga wa nyuma, siyo kontrasti. Subiri saa mbili usiku, jirani azime redio, pazia zito dirishani hata kama nje kuna taa moja tu ya barabarani. Mwanga mdogo wa friji kwenye kona unatosha kuua robo ya filamu.

Na unaponasa kanda, usisimamishe mashine majina ya mwisho yanapopanda. Iache iende mpaka mkanda uishe wenyewe. Wenye kanda walikuwa wakirekodi juu ya kitu kingine, na filamu ikiisha huja sekunde chache za chenga, mstari mweupe unashuka, kisha kinajitokeza kilichokuwa chini yake: nusu ya taarifa ya habari, kwaya inayoimba bila mwanzo, harusi ya watu fulani ukumbini, bibi harusi anapepewa kwa upande wa khanga. Kiandike nacho, kwa dakika na sekunde zake.